Bidii Iliyomponza Mpiga Piano

Mwaka 1964 vidole viwili vya mkono wa kulia wa Leon Fleisher, kile cha pete na kile kidogo cha mwisho, vilianza kujikunja vyenyewe kuelekea kiganjani. Hakuwa ameanguka, wala hakuwa amegongwa na gari. Mkono huo uliposhika kikombe au kalamu, mambo yalikwenda. Ulipogusa piano, vidole viligoma. Hali ilizidi mwezi hadi mwezi, na haukupita muda mrefu mtu aliyekuwa miongoni mwa wapiga piano bora wa Marekani akawa hawezi tena kupiga kwa mikono miwili. Alikuwa na miaka 36. Ilipita takriban miaka thelathini kabla mkono ule haujarudi kazini, na hata uliporudi haukuwa mkono ule wa zamani.

Nasimulia habari za mtu huyu wa mbali kwa sababu huku kwetu, kuanzia Murungu na Kibondo hadi Kasulu, tuna wapiga kinanda wengi kuliko tunavyodhani. Hatuna kumbi za tamasha, wala piano kubwa zenye miguu mitatu. Tuna vinanda vya umeme vilivyonunuliwa kwa michango ya kwaya, na tuna vijana wanaovipiga kila Jumapili, kwenye harusi, kwenye misiba, na kwenye mikesha inayoanza saa tatu usiku na kwisha alfajiri. Wengi wao wamejifunza wenyewe, kwa kusikiliza na kuiga. Tunachowaambia siku zote ni maneno mawili: ongeza mazoezi. Fleisher naye alijiambia hivyo hivyo, na hapo ndipo penye funzo. Sisi tunaowahimiza vijana tumo hatarini pamoja nao, maana ni rahisi sana kusifia jambo linaloumiza mtu ikiwa kwa nje linaonekana ni juhudi.

Fleisher alizaliwa San Francisco mwaka 1928. Kipaji chake kilionekana mapema mno. Akiwa na miaka tisa hivi alipokewa na Artur Schnabel, mwalimu mkubwa wa zama zile ambaye kwa kawaida hakufundisha watoto. Akiwa na miaka 16, mwaka 1944, alipiga konseto ya kwanza ya mtunzi Brahms, yaani utunzi wa piano na okestra, pamoja na okestra ya New York Philharmonic, chini ya uongozi wa Pierre Monteux. Mwaka 1952 alishinda shindano la Malkia Elisabeth mjini Brussels, na alikuwa Mmarekani wa kwanza kulishinda. Kisha akarekodi konseto za Beethoven na za Brahms na okestra ya Cleveland, kiongozi wao akiwa George Szell, mtu aliyejulikana kwa ukali na kwa sikio lisilosamehe kosa. Rekodi hizo zinasikilizwa mpaka leo. Mwaka 1965 okestra hiyo ilikuwa iende ziara ndefu ya Umoja wa Kisovieti, na Fleisher alitarajiwa kuwa mmoja wa wapiga piano wake. Szell alipoona hali ya mkono wa Fleisher, ilibidi mpiga piano huyo abaki. Ziara ikaenda bila yeye.

Sasa turudi nyuma kidogo, kabla vidole havijakunjika, maana huko ndiko kwenye mambo ya kutazama.

Fleisher alikuwa akifanya mazoezi saa saba au nane kwa siku. Baadaye alisimulia mara nyingi, bila kujionea huruma, kwamba mkono ulikuwa ukichoka naye akiendelea. Aliona ni uanaume kuvuka uchovu. Dalili za kwanza hazikuwa maumivu makali ya kumfanya mtu apige kelele. Kulikuwa na uzito kidogo, vidole kutotii upesi kama zamani, kidole kimoja kuchelewa mahali ambapo hakikuwahi kuchelewa. Mtu mvivu angeona dalili kama hizo akapata kisingizio cha kupumzika. Fleisher hakuwa mvivu. Aliona mkono umelegea, akahitimisha kwamba amepungukiwa na mazoezi, akaongeza mazoezi. Mkono ukalegea zaidi, naye akaongeza zaidi. Ni kama mtu anayezima moto kwa mafuta ya taa kwa kuwa tu yamo ndani ya ndoo na yanafanana na maji.

Jambo la kusikitisha ni kwamba alikuwa amefundishwa vinginevyo. Schnabel hakupenda mazoezi ya kugonga-gonga vidole bila akili. Alimtaka mwanafunzi ausikie muziki kichwani kwanza, ajue anataka sauti gani, ndipo mkono uguse. Fleisher alikuwa na fundisho hilo tangu utotoni. Lakini alipokuwa mtu mzima, na kazi zimemzonga, na majina ya wapiga piano wenzake yakimfuata kila mji aliokwenda, alijikuta anapiga saa nyingi kwa nguvu ya misuli. Onyo la mwalimu lilikuwepo kwa miaka mingi; alilikumbuka mkono ulipokwisha kuharibika.

Ugonjwa wenyewe unaitwa distonia, na jina lake lilichelewa sana kumfikia. Alizunguka kwa madaktari wa kila namna. Alichomwa sindano, alikandwa, alijaribu tiba za mashariki na za magharibi. Mwaka 1981 alipasuliwa kwenye kifundo cha mkono, mahali mshipa wa fahamu unapobanwa. Leo madaktari wanaeleza kwamba katika distonia ya aina yake tatizo haliko kwenye kidole chenyewe. Liko kwenye ubongo. Kila kidole kina sehemu yake ubongoni inayokiamuru, na mtu anaporudia mwendo uleule mdogo, wa haraka na wa makini, maelfu kwa maelfu ya mara, mipaka ya sehemu hizo inaweza kuchanganyika. Amri ya kidole kimoja inakivuta na jirani yake. Mara nyingi hakuna maumivu, na ndiyo maana wengi hawashtuki. Si kila anayefanya mazoezi mengi huupata. Wapo wanaozaliwa na wepesi wa kuupata, na hofu na msongo wa mawazo huchangia. Hata hivyo si ugonjwa wa nadra sana kwa watu wa kazi hii: inakadiriwa kwamba humpata mwanamuziki mmoja hivi kati ya mia. Tena hauchagui muziki peke yake. Makarani walioandika kwa kalamu mchana kutwa waliupata zamani, na mafundi wa kazi za vidole huupata pia.

Nimesema Fleisher, lakini hakuwa peke yake, na kisa cha pili ndicho kinachonigusa zaidi kwa sababu kina jambo la kuficha ndani yake.

Gary Graffman alizaliwa New York mwaka huohuo wa 1928. Alikuwa rafiki wa Fleisher, naye alikuwa mpiga piano wa daraja la juu. Alishinda tuzo ya Leventritt mwaka 1949 na kuzunguka dunia nzima akipiga. Mwaka 1967 alikuwa Berlin akipiga konseto ya Tchaikovsky kwenye piano nzito, isiyoitika vizuri. Akailazimisha. Katika kuilazimisha alitegua kidole cha pete cha mkono wa kulia. Jambo dogo, lingeweza kupona kwa mapumziko. Lakini mikataba ilikuwa imejaa, kwa hiyo akatafuta njia ya kuendelea: palipohitajika kidole cha nne, akaweka cha tatu. Mkono ukazoea kujipinda kwa namna mpya ili kukikwepa kidole kibovu. Watu hawakusikia tofauti. Ukumbini walipiga makofi kama kawaida.

Aliishi hivyo takriban miaka kumi. Baadaye noti zikaanza kukosewa, mahali ambapo mkono wake haukuwahi kukosea. Naye akafanya kile ambacho wengi tungefanya: akabadilisha tena mpangilio wa vidole, akaacha nyimbo fulani, akachagua zile ambazo mkono bado ulizimudu. Mwaka 1979 aliacha kupiga kwa mikono miwili. Mwaka huohuo watu walikuwa wakijaza majumba ya sinema kutazama filamu ya Manhattan, na piano inayosikika humo katika Rhapsody in Blue ya Gershwin ni ya Graffman.

Habari zake na za Fleisher zilipoandikwa katika gazeti la The New York Times mwaka 1981, kumbe walikuwapo wengi waliokuwa wakiugua kimya kimya. Wanamuziki wakaanza kupiga simu na kwenda kwa madaktari wa Boston waliokuwa wakiwatibu wawili hao. Kila mmoja alidhani yuko peke yake. Kila mmoja alikuwa ameficha kwa sababu moja: mratibu wa tamasha akisikia mkono una kasoro, kazi anapewa mwingine. Baada ya kutoka hadharani Graffman aliandika makala akiwataka wenzake wasikalie dalili, na ndipo elimu ya tiba kwa wanamuziki ilipoanza kushika kasi huko Marekani.

Hebu tujiulize, huku kwetu mpiga kinanda anaficha nini? Anayeumwa mkono wiki ya Pasaka atamwambia nani? Mwalimu wa kwaya ana nyimbo kumi na mbili za kukamilisha. Padre au mchungaji ameshatangaza. Wanakwaya wenzake wanaweza kusema ameanza kuringa. Na kama yupo kijana mwingine anayenyemelea kiti hicho, ndiyo kabisa hatasema. Atafunga kitambaa kwenye kifundo cha mkono, atapaka dawa ya kuchua, ataingia mkeshani.

Niongeze na hili, kwa kuwa nimeliona kwenye makanisa mengi na ni jambo la kurekebisha bila fedha. Kinanda kinawekwa juu ya dawati la shule au meza ya sadaka, na mpigaji anakaa kwenye benchi fupi. Mabega yanapanda hadi karibu na masikio, viwiko vinaning'inia chini ya kinanda, na vifundo vya mikono vinavunjika kwenda juu. Mtu akipiga hivyo saa nne mfululizo, shingo na mikono vinabeba mzigo ambao muziki wenyewe hauhitaji. Kinachotakiwa ni viwiko kuwa usawa wa kinanda au juu yake kidogo, na mabega kulala. Kiti kikiwa kifupi, tafuta cha kukiinua, au shusha kinanda. Wengine wanapiga wamesimama, kinanda kikiwa chini ya kiuno, wameinama kama wanapalilia maharage. Hao nao mgongo utawadai.

Yuko mpiga piano wa Afrika Mashariki ambaye maisha yake yanafaa kuwekwa kando ya hawa wawili. Ni Emahoy Tsegué-Maryam Guèbrou, mtawa wa Ethiopia, aliyezaliwa Addis Ababa mwaka 1923. Akiwa kijana alikwenda Cairo kusoma muziki kwa mwalimu wa Kipoland, Alexander Kontorowicz, na ratiba yake ilikuwa ya kutisha: saa nne za piano na saa tano za fidla kila siku. Afya yake ikadhoofika, joto la Cairo likamzidi, akarudi nyumbani Ethiopia. Mtu wa nje angeweza kusema ameshindwa. Baadaye alinyimwa ruhusa ya kwenda kusoma London, jambo lililomwumiza sana, akaishia kuingia utawa na kukaa miaka mingi mbali na piano. Aliporudi kwenye piano alitunga na kupiga kwa namna yake mwenyewe, bila mbio, na rekodi yake ya kwanza ilitoka mwaka 1967. Aliendelea na piano hadi uzeeni, kule Yerusalemu, na alifariki mwaka 2023 akiwa na miaka 99. Sidai kwamba kurudi kutoka Cairo ndiko kulikoiokoa mikono yake. Mambo ya mwili hayapimwi kirahisi hivyo. Ninachosema ni kwamba mwili ulipokataa alirudi nyumbani, na piano haikumkimbia.

Fleisher naye hakufa na mkono wake, ingawa alikaribia. Miaka ile ya mwanzo ya ugonjwa ndoa yake ilivunjika, na mwenyewe alisimulia kwamba aliwahi kufikiria kujiua. Kilichomnusuru ni kugundua kwamba muziki ni mpana kuliko mkono wa kulia. Aliendelea kufundisha katika chuo cha Peabody mjini Baltimore, alikokuwa ameanza mwaka 1959. Akajifunza kuongoza okestra. Akapiga nyimbo zilizotungwa kwa ajili ya mkono wa kushoto peke yake, hasa konseto ya Ravel. Hiyo iliagizwa na Paul Wittgenstein, mpiga piano wa Austria aliyepoteza mkono wa kulia katika Vita Kuu ya Kwanza. Graffman naye alishika uongozi wa chuo cha Curtis, Philadelphia, na miongoni mwa wanafunzi wake wamo Lang Lang na Yuja Wang.

Lakini tusirukie mwisho mwema upesi mno. Mwaka 1982, mwaka mmoja baada ya kupasuliwa, Fleisher alitangazwa kwamba anarudi kupiga kwa mikono miwili, katika ufunguzi wa ukumbi mpya wa Meyerhoff mjini Baltimore. Televisheni ilikuwepo, magazeti yalikuwepo. Ilikuwa apige konseto ya nne ya Beethoven. Siku zilipokaribia aliona haitawezekana, akabadilisha, akapiga kazi ya César Franck ambayo mkono ungeweza kuimudu. Watu walishangilia na kuandika kwamba amepona. Yeye alijua hajapona. Shangwe ile ilimpa jambo jipya la kuficha, na baada ya muda mfupi akaacha, akarudi kwenye mkono wa kushoto. Nafuu ya kweli ilikuja katikati ya miaka ya 1990, alipoanza kuchomwa sindano za Botox, dawa inayolegeza misuli inayojikaza, pamoja na kukandwa kwa kina. Mwaka 2004 ilitoka rekodi yake ya mikono miwili, ikaitwa kwa jina hilohilo la mikono miwili. Alikuwa na miaka 76. Mpaka alipofariki, Agosti 2020, ugonjwa ulikuwa umetulizwa tu.

Vijana walipomwendea kutafuta ushauri, mzee huyu aliwaonya juu ya saa nyingi za kugonga vidole. Aliwataka wakae na karatasi ya noti, wausome wimbo kwa macho na kwa masikio ya ndani, ndipo waende kwenye piano. Ni ushauri unaotufaa sana sisi ambao umeme hukatika. Saa ile ya giza, mpigaji anaweza kukaa na karatasi ya sol-fa na mshumaa akajifunza nusu ya wimbo bila kukigusa kinanda.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayepiga kinanda, sikiliza mambo haya. Kidole kikianza kuchelewa mahali pamoja kila siku, usikitie adhabu ya kurudia mara hamsini. Pumzika siku mbili tatu uone. Ganzi ikikuamsha usiku, au kidole kikijikunja au kunyooka bila wewe kukiamuru, nenda kwa daktari, iwe Kabanga pale Kasulu, hospitali ya wilaya Kibondo au Maweni mjini Kigoma, na umweleze waziwazi kwamba hutokea unapopiga kinanda, kwa kuwa mkono huo ukishika kalamu mbele yake unaweza kuonekana mzima kabisa. Na ukijikuta umebadilisha mpangilio wa vidole ili kukikwepa kidole kimoja, na hujamwambia mtu, jua kwamba hapo ndipo alipokuwa Graffman mwaka 1967.

Wazazi, msimpime mtoto kwa saa alizokaa kwenye kinanda. Nusu saa ya akili, mapumziko, kisha nusu saa nyingine, inamtosha anayeanza.

Na nyinyi walimu wa kwaya wa Murungu, Kibondo na Kasulu, ombi langu ni hili. Kwaya nyingi zina mpiga kinanda mmoja tu, na huyo mmoja hana ruhusa ya kuumwa. Kabla Pasaka haijafika, chagueni wa pili, mfundisheni angalau nyimbo za misa au za ibada ya kawaida, na mkeshani wapokezane kila baada ya saa moja. Huyo wa kwanza mwambieni mbele ya kwaya nzima kwamba kiti chake hakichukuliwi na mtu, ili siku mkono ukimsumbua asiogope kusema.